Bei ya Gari Iliyokaa Eda

Hadi leo nikisikia boneti ya gari ikifunguliwa, ule mlio mdogo wa komeo lake kuachia, moyo hunienda mbio. Na kazi yangu ni magari, kwa hiyo nausikia kila siku ya Mungu. Mimi ni dalali. Wapo madalali wa nyumba, wa viwanja wako tele, na wa vespa ndio usiseme. Mimi ni wa gari kubwa, zile za silinda nane ambazo watu wanaziita V8 kwa sauti ya heshima, hata kama anayeitaja hajui nane hizo ni nane za nini.

Kituo changu ni baraza moja nyuma ya soko la Darajani, upande ambao harufu ya samaki haifiki mpaka jua liwe kali. Hapo ndipo nilipojijengea jina. Watu hawakunijia kuniuliza gari hii bei gani leo, maana hilo kila mtu hujidai analijua. Walinijia kuniuliza itakuwa bei gani mtoto akimaliza chuo, au bwana akistaafu, au Ramadhani ya mwakani ikifika. Nilikuwa naizunguka gari mara moja, natazama herufi za namba yake, nagonga ubavu kwa kidole, kisha nasema. Nilichosema ndicho kilichokuja kuwa, na waliobisha walirudi baadaye wakiwa wapole.

Hesabu yenyewe si uchawi. Gari ndogo hushuka bei kama mtu mzima anavyoteremka ngazi, taratibu, huku ameshika ukuta. Gari ya injini kubwa huporomoka. Mwenye uwezo wa kuilisha anataka mpya, na anayeikubali kuukuu hana uwezo wa kuilisha, kwa hiyo inabaki katikati haina mwenyewe. Petroli ikipanda kidogo tu, V8 zote za kisiwani zinalala. Kiongozi akibadilishwa, walio chini yake wanaanza kuuza. Halafu kuna chumvi, ambayo hapa kwetu inakula bati la gari kuanzia chini ambako mwenyewe hainami kutazama. Ila injini, nilikuwa nikiwaambia watu, injini kubwa kwa Unguja haichoki. Itachoshwa na nini? Mlima hatuna. Ukitoka mjini ukikanyaga mafuta sawasawa, mara umefika Nungwi, bahari ile pale, geuza urudi. Kwa hiyo V8 iliyotunzwa vizuri, isiyovuka kwenda Bara, isiyopita mikono mingi, ilikuwa ndiyo pekee niliyoweza kusema itakaa na bei yake.

Na katika kisiwa hiki chote, nilikuwa nikisema, ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya shemeji yangu.

Shemeji huyu alimuoa dada yangu, mdogo wangu wa mwisho, na alikuwa mtu wa Makunduchi, mpole, asiye na maneno mengi. Alikuwa kontrakta mdogo. Zilipoanza kuota nyumba mpya kule Fumba, alipata kazi za kumwaga misingi na kujenga kuta za ua, akapata fedha ambazo hakuwa amezizoea. Akanijia barazani. Akaniambia kwamba ukienda kuomba kazi kwa wale mabwana na kigari chako kidogo, unapewa kazi ndogo. Ndiyo nikamtafutia ile gari, nyeupe, ya mgeni mmoja aliyekuwa anahama. Mimi ndiye niliyemshikisha ufunguo. Nikamwambia, "Shemeji, wengine wananunua gari, wewe umenunua akiba. Hii haitakushusha."

Aliitunza, na jinsi alivyoitunza ilinifurahisha mno. Aliendesha polepole, kwenye barabara tupu kama kwenye msongamano. Aliiosha mwenyewe uani, hakumpa kijana wa kuosha magari hata siku moja. Boneti hakuruhusu mtu aiguse. Akihitaji kutazama maji, alisubiri watu waondoke. Akiendesha aliweka kisomo cha Kurani kwa sauti ya juu, nasi abiria tukanyamaza kwa adabu. Miaka ya mwisho hata kuitoa aliitoa kwa nadra: Ijumaa, Sikukuu, maziko. Jamaa walipomuomba gari ya bibi harusi alikataa kwa upole, akatoa kisingizio. Watu walimuona bahili. Mimi nilimtetea kwa nguvu zangu zote. Niliwaambia hawajui gari, na kwamba kila siku anayoiacha chini ya kivuli anaihifadhia bei.

Na nilikuwa na tabia moja nikiipanda. Nilikuwa nikifumba macho, nikitikisa kichwa, nikisema, "Hii injini hata mkinifunga kitambaa nitaijua kwa sauti." Shemeji alikuwa akitabasamu, halafu akiongeza kisomo.

Alikufa ghafla. Aliugua asubuhi, wakampeleka hospitali, na kabla ya laasiri nilipigiwa simu. Nililia kama mtoto, sioni haya kulisema hilo, maana nilimpenda. Dada yangu na mumewe hawakujaaliwa watoto. Alibaki peke yake katika ile nyumba ya Mpendae, nyumba ndogo ya chini yenye paa la zege ambalo majirani zake wa mabati walikuwa wakilionea wivu, akakaa eda.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mali ya maiti ikiwa haijagawiwa haiguswi. Si kwamba kuna polisi. Ni kwamba ina wenyewe wengi, na ukiitumia bila ya wote kuridhia umekula haki ya mtu. Basi siku ya tatu, tulipomaliza kisomo, kaka yake marehemu alichukua turubali akaifunika ile gari palepale uani, akafunga kamba pembeni, na ufunguo akampa dada yangu auweke. Ikabaki hivyo miezi yote ya eda. Wanawake wa mtaani waliokuja kumtazama dada wakawa wanatania kwamba katika nyumba ile wako wajane wawili, mmoja ndani na mmoja uani. Mtaa mzima ukaizoea: gari nayo imekaa eda.

Mimi utani huo haukunichekesha. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua, nacho ni kwamba paa la dada yangu lilikuwa linategemea gari ile. Kiwanja kilikuwa chake, alichopewa na baba yetu, lakini kuta na zege ni za marehemu. Sheikh aliyetupigia hesabu ya mirathi alisema nusu ya nyumba ihesabiwe mali ya maiti, pamoja na gari. Mjane asiye na watoto anapata robo. Kinachobaki ni cha ndugu wa kiume wa marehemu, na walikuwa wawili, mkubwa mkulima na mdogo mvuvi, wote wa Makunduchi. Gari ikiwa na bei nzuri, ndugu wataichukua gari kuwa ndiyo fungu lao, na dada atabaki na nyumba nzima. Gari ikiporomoka, robo yake haitafika popote, na nyumba itabidi iuzwe wagawane. Mwanamke wa umri ule, aliyezoea nyumba yake, angekwenda wapi? Angekuja kulala kwangu Mji Mkongwe, chumba cha ndani kisicho na dirisha, na wakwe zangu pia wamo.

Sheikh akauliza nani atathamini gari. Wote wakanigeukia. Nikasema mimi ni kaka wa mjane, haipendezi. Yule shemeji mkubwa, kaka yake marehemu, akasema, "Sisi tunakuamini. Sema wewe." Sikuipandisha hata kidogo, na sikuwa na haja. Niliwaambia bei ambayo ningemwambia mtu yeyote barazani, itakavyokuwa siku eda itakapokwisha, nikitoa chumvi, nikitoa kulala bila kuwashwa, na petroli nikaiweka juu ili nisije nikamdhulumu mtu. Ilitosha, na ikabaki kidogo. Ndugu wakaridhia. Nilitoka pale nimevimba kifua, maana nilikuwa nimemuokoa dada yangu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Aliyeniharibia furaha ni dada mwenyewe. Nilipokwenda kumpa habari, alichezea pindo la kanga, kisha akasema, "Kaka, ipunguze hiyo bei."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nipunguze nini?"

"Bei ya gari. Umeiweka juu."

"Mimi ndo' nnaejua bei za gari au wewe?"

"Wewe. Lakini ipunguze."

Nikamuelezea. Nikaeleza robo, nikaeleza nusu, nikamuonyesha kwa vidole kwamba gari ikishuka nyumba inakwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nshafahamu, kaka. Najua nyumba itakwenda. Ipunguze tu."

Nilikasirika. Niliona ni unyonge wa wanawake wa kwetu, kuona haya kudai kilicho chao mbele ya wakwe. Nikamwambia maneno makali ambayo mtu hatakiwi kumwambia mtu wa eda. Wiki iliyofuata nikaenda na sukari na unga wa ngano kutaka radhi, naye akanipokea vizuri, akanipikia chai ya maziwa, na nilipokuwa naaga akasema tena, "Ile bei, kaka." Akaendelea hivyo kila nilipokwenda. Mara anasema ni kubwa, mara anasema shemeji zake ni watu wa shamba, asije mtu akawaonea. Nikimuuliza kwa nini, anatazama mlango. Mwisho nikaacha kwenda peke yangu, nikawa nakwenda na mke wangu, ili tuzungumze mambo mengine.

Eda ikaisha. Asubuhi ya kugawana walikuja ndugu wote wawili kutoka Makunduchi, wamevaa kanzu na kofia kama watu wanaokwenda kuposa. Nikamwamkia mkubwa, "Shikamoo," akanijibu, "Marahaba," tukakaa, tukala halua. Sheikh akarudia hesabu, kila mtu akasema nimeridhia. Dada hakusema. Sheikh akamuuliza mara ya pili, naye akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka bei ipunguzwe." Shemeji mkubwa akamtazama kwa mshangao, kisha akacheka kwa wema akasema, "Shemeji, wewe unajidhulumu. Sisi tumeridhika." Likapita hivyo. Dada akainuka akaenda jikoni.

Tukatoka uani kuitoa gari. Tukafungua kamba, tukavuta turubali, na ile gari ikatoka nyeupe kabisa, inang'aa, kana kwamba mwenyewe yu ndani anatia kisomo. Nilifurahi. Niliwaambia, "Mmeona? Mali hiyo." Shemeji mdogo akajaribu ufunguo, ikawa kimya. Betri imekufa, jambo nililolitarajia, na nilikuja na betri ya kuazima kutoka kwa fundi wa mtaani kwangu. Nikaiweka chini, nikaenda mbele ya gari nikikunja mikono ya shati.

Dada akatokea mlango wa jikoni. "Si muivute tu," alisema. "Kuna gari ya mizigo ya jirani hapo. Ivuteni mpaka barabarani."

"V8 ivutwe na kigari cha mizigo? Una wazimu?"

"Kaka, usiifungue."

Nikamwambia aingie ndani, mambo haya si ya kwake. Nikawageukia shemeji zangu, na Mungu anisamehe, nikaanza kuwahutubia. Nikawaambia wasogee waone, maana wengi wanaiendesha gari ya namna hii na hawajapata kuiona roho yake. Nikawaambia kwamba injini watakayoiona imejaa mpaka ukutani, kidole hakipiti, na kwamba hicho ndicho wanachokichukua, mengine yote ni bati na viti. Nikaingiza mkono chini, nikalitafuta komeo, nikalisukuma, nikainua.

Ndani mlikuwa na nafasi. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoweza kuieleza. Nilitazamia chuma na nikaona nafasi, nikaona sakafu ya uani kule chini, nikaona kandambili yangu mwenyewe kupitia ndani ya gari. Na katikati ya nafasi ile, juu ya vyuma vya kuungaunga, kimekaa kiinjini kidogo cha silinda nne, cha gari ya kubebea mboga.

Sikumbuki nilisema nini kwanza. Mke wangu, niliyekuja naye siku ile na aliyekuwa dirishani, anasema nilisema, "Wameiba." Na kweli hilo ndilo lililonijia, kwamba mtu ameruka ukuta wakati wa eda akafungua injini ya V8 akaondoka nayo. Nikamshika mkono shemeji mdogo nikamwambia twende polisi. Lakini macho yangu ni ya kazi hii, na huku mdomo unasema polisi, macho yalikuwa yameshaona. Oili iliyoganda kwenye vile vyuma ilikuwa ya miaka. Kutu ya maungio ilikuwa ya miaka. Mpira mmoja ulikuwa umeshabadilishwa, na ule mpya wenyewe umechakaa. Kiinjini kile kilikuwa mle kwa miaka yote niliyopanda, nikafumba macho, nikatikisa kichwa.

Nikakaa chini palepale kwenye saruji. Na kila kitu kikanirudia, kimoja kimoja, nikiwa nimekaa chini vile: kuendesha polepole, kuosha mwenyewe, kukataa harusi, kisomo. Vyote hivyo nilivitia kwenye hesabu na vyote viliipandisha bei. Alikuwa mtu aliyeishiwa, na mimi, dalali wake na shemeji yake, niliusoma umaskini wake nikauita matunzo.

Kisha nikakumbuka nyumba. Nikamtazama dada. Alikuwa bado mlangoni, ameshika kanga mdomoni, na hakuwa akimtazama mtu yeyote ila ile boneti iliyo wazi, kama mtu anayemtazama mumewe akivuliwa nguo mbele za watu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alijua. Alijua tangu mwanzo, na "ipunguze" yake yote ilikuwa na maana hii. Asingeweza kuwadhulumu wakwe zake na asingeweza kumfichua mumewe, kwa hiyo akawa tayari kuipoteza nyumba.

Shemeji mkubwa alikuwa amesimama nyuma muda wote. Alikuja mbele, akainama, akatazama ndani kwa utulivu, upande huu na upande huu. Nje ya ukuta kulikuwa na sauti za watoto, na jirani mmoja alikuwa anachungulia getini kuona kama gari ya eda inatoka leo. Shemeji mkubwa akamuona. Akasogea akasimama katikati, mgongo wake umeziba, akasema na mdogo wake kwa sauti ya chini.

"Mfunike."

Hakusema ifunike. Alisema mfunike, kama tulivyosema juu ya maiti yake siku ile hospitalini. Shemeji mdogo akaishusha boneti kwa mikono miwili, polepole, mpaka ikalia.

Nikainuka. Nikasema kwa kigugumizi kwamba hesabu yote imevunjika, kwamba sheikh, aliyebaki baraza ya mbele, aitwe tena, kwamba gari hii haifiki hata nusu ya nusu ya nilichosema, na nyumba itabidi ihesabiwe upya. Yalikuwa maneno mazito kuyatamka mbele ya dada yangu, lakini sikuwa na mengine.

"Gari ulishaithamini," shemeji mkubwa akasema.

"Nilithamini nisichokiona."

"Na sisi tukaridhia. Tumeshasema nimeridhia mbele ya sheikh. Kwani kuna aliyetushikia fimbo?"

"Mtakwenda kuiuza vipi?" nikamuuliza. "Mie dalali, nnajua sheria yake. Bidhaa ikiwa na aibu lazima uitaje kwa mnunuzi. Ukiificha, fedha yote haramu. Siku mtakapoiuza mtaitaja, na siku mtakapoitaja Unguja nzima itajua."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayesoma vizuri lakini hajaelewa alichokisoma. "Aibu ya bidhaa hutajwa," akasema. "Aibu ya maiti husitiriwa. Sasa hii ni ya nani?"

Nimeuza gari maisha yangu yote, nimelitamka neno hilo, aibu, mara zisizo na idadi, aibu ya gia, aibu ya rangi, aibu ya taa, na siku ile ndiyo nililisikia.

"Tena nani kakwambia inauzwa?" akaongeza. "Makunduchi hatuna gari ya kupeleka wagonjwa. Hichi kiinjini kidogo, hata mafuta tutaweza."

Mdogo wake akatikisa kichwa kukubali, ingawa nilimuona anameza mate. Fungu lake lingeweza kumpatia chombo kipya cha kuvulia, na alikuwa ameshaanza kukisemea kwa watu. Alikuwa kijana mwenye watoto. Hakudai kitu. Nimemuheshimu tangu siku hiyo.

Tulifunga betri kwa kuinua boneti kidogo tu, shemeji mkubwa akiwa amesimama palepale alipoziba. Ikawaka mara moja. Bila ya kisomo, niliisikia kwa mara ya kwanza, sauti yake nyembamba, ya haraka haraka, na sijui mtu mwenye masikio mawili angewezaje kudanganyika. Kabla ya kupanda, shemeji mkubwa alikwenda mpaka mlango wa jikoni. Hakuingia. Akasema, "Shemeji, kaa kwako. Hakuna atakayekuja kukuuliza." Dada alitaka kusema kitu, akaishia kuitika tu, "Naam." Gari ikatoka getini, nyeupe na kubwa, na jirani akaipisha kwa heshima.

Sijaacha kazi yangu. Watu wananiuliza na mimi najibu, ila sasa sisemi neno mpaka boneti iwe juu, na wanaonijua wanadhani ni uzee. Mara kwa mara mtu huniuliza barazani ile V8 ya marehemu shemeji yangu iko wapi, na ikiwa ndugu zake wangeiuza leo ingepata ngapi. Kwa tabia, kichwa changu huanza kupiga hesabu. Halafu nasema haiuzwi, na naagiza kahawa.

Mimi na dada hatukulizungumza jambo lile kwa muda mrefu. Niliona haya. Nilikuwa nakwenda, nakunywa chai, naondoka. Mpaka masika iliyofuata, nilipokuwa kwake alasiri moja na mvua kubwa ikanizuia. Nyumba za jirani zote ni za mabati, na mvua ilipopiga ilikuwa kelele tupu, watu wakiitana kwa kupiga mayowe. Ndani kwa dada palikuwa kimya. Tulikuwa tunasikiana hata tukinong'ona. Nikapata ujasiri, nikamuuliza injini ile ilikwenda wapi.

Alinimiminia chai, akasukuma sahani ya mandazi.

"Kazi za Fumba zilipokatika," akasema, "nyumba ilikuwa haina kitu juu. Kuta tu. Tukikaa chumba kimoja na turubali, unakumbuka? Mvua zikaja. Siku moja akanambia, gari nnaihitaji nje, ndani hapana anaeitazama. Akamtafuta mtu wa Bara, akaja akaichukua injini usiku, akampa fedha na hichi kidogo. Akaniapisha nisimwambie mtu. Akataja jina lako mbele."

"Mimi kwanza?"

"Alikuwa akikuonea haya wewe kuliko wote. Ulimwambia haitamshusha."

Nikakumbuka jinsi zege lile lilivyomwagwa, mafundi, nondo, mchanga, na mimi nimesimama hapo hapo uani nikiwaambia watu shemeji yangu mambo yake yananyooka.

Dada alinyoosha kidole juu, kwenye dari, ambako mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu zake zote na sisi hatuisikii.

"Ndo' hiyo, kaka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe nilimuona anacheka. "Wewe si unaijua kwa sauti?"